Usifomati Kwanza: Volyumu Isiyoonekana Si Volyumu Iliyopotea

Maneno ninayoyachukia zaidi katika kazi hii ya kompyuta ni mawili: "tufomati tu." Huyasikia kwenye vibanda vya mafundi, huyasikia maofisini, na juzijuzi nimeyasikia kwa simu kutoka kwa kijana mwenye nia njema kabisa, aliyebakisha amri moja tu afute miaka ya sauti za wazee wetu. Mara nyingi anayeyasema si mvivu wala si mjinga. Ameona kwenye skrini maneno ya Kiingereza yanayosema kitu fulani hakikupatikana, naye akaamini kwamba kisichopatikana hakipo.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa upande mmoja, upande wa seva za Linux zinazotumia LVM. Najua si wasomaji wote wa ukurasa huu wanaoshika amri za Linux. Lakini wengi wenu mko kwenye kamati: ya msikiti, ya shule, ya redio ya mtaani, ya kikundi cha kuhifadhi turathi. Kamati ndizo zinazomlipa fundi, na kamati ndizo zinazoulizwa "tufomati?" Ni vyema mjue cha kumwuliza kabla hamjaitikia. Na walio mafundi, amri zenyewe nimeziweka humu.

Mfuko wa mchango

Diski ya kawaida hugawanywa kama nyumba inavyogawanywa vyumba kwa kuta za mawe. Chumba kikijaa, huwezi kukipanua bila kubomoa cha jirani. LVM, ambayo Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux mwaka 1998, ilileta mpango mwingine. Diski zote hutiwa kwenye mfuko mmoja, kama watu wanavyochanga. Kila diski hukatwa vipande vidogo vilivyo sawa, kwa kawaida MiB 4 kila kimoja, kisha mfuko huo, unaoitwa kundi la volyumu, hugawa vipande kwa kadiri ya haja. Mgao mmoja ndio volyumu. Leo volyumu ya sauti unaipa GiB 300. Kesho ikijaa unaiongezea vipande, na vipande hivyo vyaweza kutoka diski nyingine kabisa bila mtumiaji kujua.

Sasa tuulizane: volyumu ikishaundwa, hukaa wapi? Hapa ndipo penye faida yote ya makala haya, kwa hiyo nitapachukua polepole. Volyumu huandikwa mahali patatu, na kila mahali pana msimamizi wake.

Pa kwanza ni kwenye diski yenyewe. Mwanzoni mwa diski iliyotiwa kwenye mfuko, LVM huandika daftari: jina la kundi, majina ya volyumu, na vipande gani ni vya nani. Daftari hilo ni maandishi ya kawaida, mtu aweza kuyasoma kwa macho yake. Zima seva, ing'oe diski, ipakie kwenye basi la Lamu. Daftari litasafiri nayo.

Pa pili ni ndani ya kerneli. Tangu kerneli 2.6, iliyotoka mwisho wa mwaka 2003, kuna sehemu inayochora ramani: ukitaka kusoma mahali hapa pa volyumu, nenda sekta ile ya diski ile. Ramani hiyo hukaa kwenye memori tu. Umeme ukikatika inafutika, na seva ikiwaka tena huchorwa upya kwa kufuata daftari. Kila ramani hupewa nambari, ndiyo maana utaona vitu kama /dev/dm-0 na /dev/dm-1.

Pa tatu ni jina. Tuseme kundi linaitwa turathi na volyumu inaitwa sauti. Wewe unaandika /dev/turathi/sauti. Hilo si volyumu. Ni kiungo, bango linaloelekeza kwenye dm-0. Na /dev/mapper/turathi-sauti ni bango la pili la nyumba ileile. Mabango haya hubandikwa na programu nyingine iitwayo udev, ambayo kazi yake ni kukaa macho ikiisikiliza kerneli. Kerneli ikisema "kuna kitu kipya", udev inakwenda kubandika.

Aliyekulia Mji wa Kale anajua nyumba haiendi popote bango lake likidondoka. Mtu wa mtaa atakupeleka mpaka mlangoni. Atakayepotea ni mgeni aliyeambiwa afuate mabango.

Basi ujumbe wa "not found" mara nyingi ni wa huyo mgeni. Unakwambia bango halikuonekana. Haujakwambia lolote kuhusu ramani, wala kuhusu daftari.

Simu ya yule kijana

Kikundi kimoja hapa pwani, ambacho sitakitaja, kwa miaka kimekuwa kikirekodi wazee: ngano, majina ya vyombo vya baharini, nasaba, habari za mitaa ilivyokuwa. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Seva yao ya zamani iliungua bodi, lakini diski ya data ilikuwa nzima. Kijana anayewasaidia akaihamishia kwenye mashine nyingine, ikawa /dev/sdb. Akanunua diski mpya, /dev/sdc, akaitia kwenye mfuko ule ule ili apate nafasi ya picha wanazoskani. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Kisha akaandika:

lvcreate -L 500G -n picha turathi

Mashine ikamjibu:

/dev/turathi/picha: not found: device not cleared
Aborting. Failed to wipe start of new LV.

Akajaribu mara tatu, jibu ni lile lile. Akaingia kwenye /dev kutazama, akakuta hakuna turathi kabisa. Hata sauti, iliyokuwepo kwa miaka, haimo. Ndipo akapiga simu.

"Ami, haiko. Nshaitafuta kote. Afadhali tuifute diski nzima tuanze upya, pengine wale wa kikundi wana nakala."

Hawakuwa na nakala. Nikamwuliza: "Umeitafuta wapi?"

"Kwenye /dev."

"Na lvs yasema nini?"

Akanyamaza. Hakuwa ameiuliza lvs. Alipoiandika, sauti ikatoka pale pale na ukubwa wake kamili, haijapungua hata kipande kimoja.

Amri ya lvs hailitazami bango. Inalisoma daftari. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwanakamati anaweza kumwuliza fundi yeyote ni hili: "lvs inaonyesha nini?" Kama volyumu imo kwenye orodha hiyo, asiguse kitu chochote chenye neno kufuta. Fundi pia aandike:

lvs -o lv_name,lv_attr,lv_size turathi

Katika safu ya pili atapata herufi zilizopangwa, kama -wi-a-----. Ya tano ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa ni a, kerneli imeshachora ramani. Ikiwa ni kistari, daftari lipo lakini ramani haijachorwa. Hapo dawa ni vgchange -ay turathi, na mara nyingi mambo yanaishia hapo. Ramani zenyewe huonekana kwa dmsetup ls. Kisha, mwisho kabisa, ndipo unakwenda kutazama bango kwa ls -l /dev/turathi. Mpango ni huo: daftari, ramani, bango. Wengi wetu tunaanza na bango kwa kuwa ndilo linaloonekana.

Kwa yule kijana, daftari lilikuwepo, na ramani ya sauti ilikuwa imechorwa. Kilichokosekana ni bango peke yake. Kwa nini?

Kwa sababu alikuwa ndani ya kontena. Simaanishi lile la Kilindini. Kontena la Linux ni chumba kinachotengwa ndani ya seva ili programu fulani iendeshwe humo bila kuchanganyika na nyingine. Programu yao ya kupanga faili ilikuwa humo, na kijana alikuwa na terminali iliyofunguliwa humo humo, tena kwa ruhusa zote. Kontena lina /dev yake yenyewe. Kerneli ni moja kwa seva nzima, kwa hiyo ramani ikichorwa inachorwa kwa wote. Lakini udev inafanya kazi nje, na mabango inayabandika nje. Ndani ya kontena hakuna mtu wa kubandika. Kijana alikuwa amesimama chumbani akitafuta bango lililoko barabarani.

Hili linaeleza pia kwa nini lvcreate ilikataa. Amri hiyo ikishaunda volyumu mpya haiondoki mara moja. Huifungua kwa jina lake na kusafisha KiB 4 za mwanzo kwa kuandika sifuri, maana pale panaweza kuwa na mabaki ya matumizi ya zamani yatakayomchanganya atakayekuja baadaye. Ili kufungua kwa jina, lazima jina liwepo. Lilipokosekana, amri ikashindwa kusafisha, ikaghairi, ikaivunja ile volyumu mpya iliyoianza. Yaani imejirudi yenyewe kwa adabu. Volyumu za zamani hazikuguswa. Neno "Aborting" linatisha, lakini hapa ni mashine inayokataa kufanya kazi nusu nusu, na mimi naipenda kwa hilo.

Nikamwambia atoke kwenye kontena, aende kwenye seva yenyewe, aandike amri ile ile. Ikapita mara ya kwanza. Kwenye /dev/turathi vikasimama viungo viwili, sauti na picha. Kabla ya kitu kingine tukaifungua sauti kwa kusoma tu:

mount -o ro,noload /dev/turathi/sauti /mnt

Hilo noload ni la mfumo wa faili wa ext4. Linazuia hata ile shajara ya ndani isiandikwe. Ukiwa na data usiyo na nakala yake, soma kwanza, uandike baadaye.

Dawa ambazo si dawa

Ukiutafuta ujumbe ule mtandaoni utashauriwa uongeze -Zn kwenye lvcreate. Maana yake: usisafishe ule mwanzo. Kweli amri itapita, kwa sababu umeiondolea ile hatua iliyoshindwa. Lakini bango bado halipo, na sasa una volyumu ambayo mwanzo wake una takataka zisizojulikana. Mwongozo wa amri yenyewe unaonya kuwa kumaunti volyumu ambayo haikusafishwa kunaweza kuigandisha mashine. Mimi naiona kama kumpa mgonjwa dawa ya kushusha homa na kumrudisha kazini.

Kama kuna sababu ya kweli ya kuendesha LVM ndani ya kontena, na zipo seva zilizojengwa hivyo makusudi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuliwasha kontena likishirikiana na seva kwenye /dev na /run/udev, ili mabango ya nje yaonekane ndani. Ya pili ni kufungua faili la /etc/lvm/lvm.conf la kontena na kuweka udev_sync = 0 na udev_rules = 0. Hapo LVM inaambiwa isimngoje udev, ibandike mabango yenyewe. Angalia sana: ni faili la kontena, si la seva. Ukibadilisha la seva utakuwa na wabandikaji wawili kwenye ukuta mmoja, na migongano yake ni ya kuja na kuondoka, ile inayomchosha fundi kuliko zote.

Na kama uko kwenye seva yenyewe, ramani ipo, lakini bango halipo? Hutokea, hasa udev ikiwa ilisimama au ilianguka wakati volyumu inaundwa. Andika:

vgscan --mknodes

Amri hii hupita na kulinganisha volyumu zilizo hai na mabango yaliyopo. Palipokosekana inabandika, na bango lisilo na mwenyewe inaliondoa. Haigusi data. Nyingine ni udevadm trigger, inayomwambia udev azipitie tena habari zote, ikifuatwa na udevadm settle, inayongoja amalize. Hiyo settle watu huiacha, kisha wanaandika amri inayofuata kabla bango halijakauka, wanapata kosa, wanadhani dawa haikufanya kazi.

Pengine amri haikatai. Inaganda tu, kishale kinapepesa, dakika tano, dakika kumi. Hapo LVM imeshamaliza kazi yake na inangoja ishara ya udev kwamba amebandika, na ishara haiji. Fungua terminali nyingine uandike dmsetup udevcookies. Ukiona zipo zinazongoja, dmsetup udevcomplete_all itaziachilia. Usiiandike hiyo ya pili wakati kuna kazi nyingine za LVM zinaendelea, kwa kuwa itaziachilia zote bila kuchagua.

Kuna jamaa wengine wa ugonjwa huu huu. Mtu anawasha mashine kwa fleshi ya uokoaji, anaingia kwenye mfumo wake kwa chroot, na kila amri ya LVM inamwambia kifaa hakijasajiliwa kwa udev hata baada ya kungoja mikrosekunde 10000000. Nambari hiyo inatisha lakini ni sekunde 10 tu. Tatizo ni kwamba zinangojwa kwa kila kifaa. Sababu ni kusahau kuingiza /run ndani ya chroot pamoja na /dev, /proc na /sys. Toka, fanya mount --bind ya /run, urudi.

Majina nayo yana vituko vyake

Kuna kikundi walichagua jina zuri kwa mfuko wao: picha-za-zamani, na volyumu wakaiita harusi. Fundi akaenda kutafuta /dev/mapper/picha-za-zamani-harusi, hakuiona, akapiga kelele. Ilikuwepo, ila imeandikwa hivi:

/dev/mapper/picha--za--zamani-harusi

LVM hutumia kistari kimoja kutenganisha jina la kundi na jina la volyumu. Ili visichanganyike, kila kistari kilichomo ndani ya jina lenyewe hukifanya viwili. Kwenye /dev/picha-za-zamani/harusi hakuna kituko hicho. Ushauri wangu ni kuacha vistari kabisa na kutumia mstari wa chini. Na usianze jina la volyumu kwa snapshot au pvmove, maneno hayo LVM imejiwekea yenyewe.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwenye majina ni nyingine, na hii nawaomba mafundi waisome mara mbili. Tuseme folda ya /dev/turathi ipo lakini kiungo cha picha hakipo. Wewe hujatazama, unaandika dd au cp kuelekeza data kwenye /dev/turathi/picha. Linux haitakukatalia. Itakuundia faili la kawaida lenye jina hilo, humo humo ndani ya /dev. Na /dev si diski, ni memori. Utaona data inaingia, tena kwa kasi ya kupendeza, mpaka memori ijae au kazi imalizike. Utafuta ulikotoa ukiamini umeshahamisha. Siku seva ikizimwa, kila kitu kimekwenda. Zaidi ya hapo, LVM ikija baadaye kutaka kubandika bango la kweli, inakuta mahali pameshakaliwa na inalalamika kuwa faili lipo.

Kinga yake ni kutazama herufi moja. Andika ls -l /dev/turathi/picha. Mstari ukianza na l, ni kiungo, na mwisho wake utaona mshale wa kwenda ../dm na nambari. Ukianza na kistari, hilo ni faili la kawaida. Usikimbilie kulifuta, ikiwa ndani yake kuna data ambayo asili yake imeshafutwa, linakilishe kwanza kwenye diski ya kweli huku seva ikiwa bado inawaka.

Mfuko unaposema hautoshi

Si kila kukataa ni suala la bango. Mtu ana diski ya GiB 20, anaandika lvcreate -L 20G, anaambiwa nafasi haitoshi: vipande 5119 vipo, vinatakiwa 5120. Anadhani ameuziwa diski mbovu. La. Lile daftari linakaa mwanzoni mwa diski, limechukua nafasi yake, na kipande cha mwisho hakikutimia. Andika -l 100%FREE badala ya kutaja ukubwa, na utapewa vyote vilivyobaki.

Diski ikihamishiwa kwenye mashine yenye Rocky Linux 9 au AlmaLinux 9, kuna jambo jipya la kujua. Toleo hilo lina orodha ya diski ambazo LVM inaruhusiwa kuzitazama, kwenye /etc/lvm/devices/system.devices. Diski iliyotoka nje haimo, kwa hiyo hata lvs itanyamaza kimya, ile ile niliyokwambia uitegemee. Hapo lsblk ndiyo itakuonyesha kuwa diski ipo, na lvmdevices --adddev /dev/sdb itaiingiza kwenye orodha. Mara tu baada ya hapo lvs inazungumza. Nalitaja hili kwa kuwa ni mtego mbaya: fundi amefuata mpango sawasawa, ameanza na daftari, na daftari limefichwa.

Na kama daftari lenyewe limeharibika kweli? Hata hapo bado. Kila mara LVM inapobadilisha kitu huweka nakala ya daftari kwenye /etc/lvm/backup, na zile za zamani kwenye /etc/lvm/archive. Amri ya vgcfgrestore --list turathi inazitaja zote kwa tarehe na sababu. Kurudisha daftari si kurudisha data. Ni kurudisha tu maelezo ya vipande vipi ni vya nani, lakini ikiwa hakuna aliyeandika juu ya vipande hivyo, data itasimama na maelezo yake. Nakala hizo ni faili ndogo mno. Zitume kwa barua pepe, ziweke kwenye fleshi, zichapishe kwenye karatasi ukitaka. Zisikae kwenye seva peke yake, maana bodi ikiungua pamoja na diski ya mfumo, na nakala zimekwenda.

Jambo la mwisho kwa mafundi ni faili la /etc/fstab, linaloiambia seva ikiwaka imaunti nini wapi. Nimekuta watu wameandika humo /dev/dm-0. Nambari hizo hugawiwa kwa zamu ya kufika. Ukiongeza volyumu moja, dm-0 ya jana yaweza kuwa dm-1 ya leo, na seva ikamaunti picha mahali pa sauti. Andika /dev/turathi/sauti, au UUID ya mfumo wa faili. Na ongeza nofail kwa volyumu za data, ili bango likichelewa seva iwake hata hivyo, badala ya kusimama gizani ikingoja mtu aje na kibodi.

Kwa wanakamati kuna jambo moja zaidi, na si la amri. LVM si bekapu. Watu huona diski mbili mfukoni wakadhani wako salama mara mbili, kumbe ni kinyume: volyumu ikienea juu ya diski mbili, ikifa moja, volyumu nzima imeumia. Mchango hauna akiba ndani yake isipokuwa mmeiweka makusudi, na kuiweka kunahitaji diski ya tatu inayokaa nyumba nyingine, mbali na seva.

Kile kikundi cha wazee nimeshakieleza hivyo. Sauti zote zinasikika, picha zinaendelea kuskaniwa, na yule kijana sasa ameweka karatasi ukutani juu ya seva, imeandikwa lvs kwa kalamu nene. Diski ya tatu bado haijanunuliwa. Wanachanga.